Nani Aanze Kusema

Katika Kojiki, kitabu kikongwe kuliko vyote vilivyobaki vya Wajapani, kilichokamilishwa mwaka 712, maneno ya kwanza ya mapenzi yanatoka kinywani mwa mwanamke, nayo yanaharibu mambo. Izanagi na Izanami, miungu wawili waliotumwa kuumba visiwa, wanasimamisha nguzo na kuizunguka, mume kwa upande huu, mke kwa upande ule. Wanapokutana, Izanami anatangulia kumsifu mwenzake kwa uzuri wake, na Izanagi anajibu sifa kwa sifa. Mtoto anayezaliwa ni laini kama ruba. Wanamweka katika mtumbwi wa matete na kumwachia maji amchukue, kisha wanapanda mbinguni kuuliza wamekosea wapi. Miungu wa huko wanapiga ramli, na jibu ni hili: mwanamke ndiye aliyeanza kusema. Wanarudi, wanaizunguka nguzo tena, safari hii mume anatangulia, na visiwa vya Japani vinazaliwa kimoja baada ya kingine.

Wageni wakizungumzia mapenzi ya Wajapani huanza na kimya. Mume, husemwa, aweza kuishi na mkewe mpaka uzeeni bila kumtamkia hata mara moja kwamba anampenda. Habari hiyo ina ukweli wake, ila ni ya juzijuzi. Ukiifuata historia yenyewe unakutana na watu waliosema sana, tena kwa ufundi. Walichogombania ni nani aanze, kwa njia gani, na mbele ya nani.

Wakati hadithi hizo za miungu zikikusanywa, vijijini watu walikuwa na utaratibu wao. Katika mlima Tsukuba, kaskazini mashariki ya Tokyo ya leo, wanaume na wanawake walipanda mara mbili kwa mwaka wakiwa na vyakula na pombe, wakaimbiana. Mmoja anatupa ubeti, mwingine anaujibu. Taarifa ya mkoa wa Hitachi, iliyoandikwa mapema katika karne ya 8, inataja usemi wa wenyeji kwamba binti asiyepata zawadi ya mchumba kule mlimani hahesabiwi kuwa binti. Hapo hakuna aliyejali sana nani katangulia. Aibu ilikuwa ya aliyerudi nyumbani mikono mitupu.

Mazoea hayo ya kujibizana ndiyo yaliyoingia katika Man'yōshū, mkusanyo wa mashairi zaidi ya 4,500 katika juzuu 20, ambamo shairi la mwisho lenye tarehe ni la mwaka 759. Wakusanyaji walitenga fungu zima kwa mashairi ya watu waliotumiana salamu za mapenzi. La kwanza kabisa kitabuni linahusishwa na Mfalme Yūryaku: anamkuta msichana akichuma mboga mlimani, anamuuliza nyumba yao na jina lake. Kwa masikio ya leo ni maswali ya karani. Enzi zile mwanamke aliyemtajia mwanamume jina lake alikuwa ameikubali posa.

Humo humo yumo mwanamke wa ukoo wa Kasa, ambaye alimwandikia mshairi Ōtomo no Yakamochi mashairi 29 yaliyohifadhiwa. Majibu ya Yakamochi yaliyohifadhiwa ni mawili, na yote mawili ni baridi. Mawili ya mwisho ya Kasa aliyatuma baada ya kuachana, akiwa amekwisha kurudi kwao. Wanaodhani mwanamke wa Kijapani wa kale alingoja aambiwe wangeanza kusoma hapo. Aliyempa mahali pake katika kitabu, kwa mujibu wa wataalamu wengi, ni Yakamochi mwenyewe, kwani yeye ndiye anayedhaniwa kuwa mhariri mkuu wa mkusanyo huo. Alijua shairi zuri hata lilipomshtaki.

Wajapani wa karne ile hawakuwa bado na maandishi yao. Walichukua herufi za Kichina na mara nyingi kuzipanga kwa sauti, bila kujali sana maana. Hata hivyo waandishi wengine walicheza. Neno "koi", yaani shauku ya kumtamani mtu asiye karibu, lingeweza kuandikwa kwa herufi nyingi. Mara kadhaa wakachagua mbili ambazo moja ni upweke na nyingine ni huzuni.

Baada ya makao ya mfalme kuhamia Kyoto mwaka 794, mapenzi ya wakubwa yakawa kazi ya karatasi. Mara nyingi mume hakuishi na mke. Alimwendea usiku nyumbani kwa wazazi wake na kuondoka alfajiri, na kabla jua halijapanda sana barua yake ilitakiwa iwe imefika, ikiwa na shairi la mizani 31. Barua hiyo ya asubuhi ilikuwa na jina lake, kinuginu no fumi, na ikichelewa, watumishi wote walielewa. Akija usiku wa tatu mfululizo, familia ya mwanamke ilileta vitumbua vya mchele uliopondwa na ndoa ikawa imetangazwa. Lakini shairi peke yake halikutosha. Walitazama rangi ya karatasi, uzito wa wino, mwandiko, manukato, na tawi ambalo barua ilifungwa kwalo. Mwanamke wa pwani yetu aliyewahi kumjibu mtu kwa jina la kanga, bila kufungua mdomo, hahitaji kuelezwa zaidi. Na kwa kuwa viwanda vya Japani vilichapa kanga nyingi za soko la Afrika Mashariki katika miongo iliyofuata Vita Kuu ya Pili, ujumbe kama huo umepitia mikononi mwa Wajapani wenyewe, kwa Kiswahili.

Tawi linaweza kusema kuliko shairi. Tunalijua hilo kutoka kwa mwanamke ambaye historia inamwita tu mama yake Michitsuna, mwandishi wa shajara iitwayo Kagerō Nikki. Aliolewa mwaka 954 na Fujiwara no Kaneie, kijana wa ukoo uliokuwa ukiwatawala hata wafalme. Mwaka uliofuata, mumewe alipotoka, alifungua kisanduku akakuta barua ambayo mume alikusudia kumpelekea mwanamke mwingine. Hakupiga kelele. Baadaye mume hakuonekana usiku tatu mfululizo, na katika mji ule usiku tatu ulikuwa na maana moja tu. Akamtuma mtu amfuatilie, akaletewa jina la mtaa alikokwenda. Siku chache baadaye, karibu na alfajiri, akasikia hodi mlangoni. Hakufungua. Kulipokucha akaandika shairi kuhusu urefu wa usiku wa mtu anayelala peke yake, kwa mwandiko ulionyooka kuliko kawaida yake, akalifunga kwenye ua la krisanthemamu lililoanza kubadilika rangi, akalituma. Kaneie alijibu kwamba alikusudia kungoja mpaka kuche ila mjumbe wa kazi alimfuata kwa haraka. Miaka elfu moja imepita na udhuru wa kazi ungali ukitumika.

Mwanamke huyo aliandika shajara yake kwa kana, maandishi ya sauti yaliyokuwa yameshazaliwa, ambayo wanaume waliyaita mkono wa kike huku wao wakibaki na Kichina chao cha serikali. Barua za mapenzi ziliandikwa kwa kana na pande zote mbili. Kwa hiyo mwanamume aliyetaka kupendwa ilimbidi aandike kama wanawake. Murasaki Shikibu, mwanzoni mwa karne ya 11, alitia mashairi 795 ndani ya hadithi yake ya mwana wa mfalme Genji, na mengi kati yake ni barua za wapenzi. Ukiyaondoa, wahusika wake hawawezi kuoana, kuachana wala kuomba msamaha.

Ustadi huo ulikuwa tayari umekuwa mashindano. Mwaka 960 Mfalme Murakami aliandaa pambano la mashairi, na duru ya mwisho ilikuwa juu ya mapenzi. Taira no Kanemori na Mibu no Tadami walileta mashairi ya jambo moja: mtu anayeficha mapenzi yake na kugundulika. Kwa Kanemori siri imetoka usoni. Kwa Tadami imetoka kwa minong'ono ya watu. Mwamuzi alishindwa kuchagua, akamtazama mfalme, na mfalme akasikika akilirudia la Kanemori chini chini. Ikawa ndiyo hukumu. Hadithi husema Tadami aliacha kula akafa. Mimi naona ni chumvi ya wasimulizi, ila inaonyesha shindano lilivyochukuliwa. Mashairi yote mawili yaliingizwa baadaye katika Hyakunin Isshu, mkusanyo wa mashairi mia ya washairi mia, ambamo 43 ni ya mapenzi. Mpaka leo watoto wa shule huyakariri kwa ajili ya mchezo wa karata wa Mwaka Mpya, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuwa bingwa wa kunyakua karata ya mwanamke aliyekesha akimngoja mume asiyekuja.

Enzi za wapiganaji sizikawilii sana. Utawala ulihamia kwa samurai, wake wakahamia kwa waume zao, na barua ya alfajiri ikakosa kazi kwa sababu mume alikuwa tayari yumo ndani. Mwanzoni mwa karne ya 18 samurai mstaafu Yamamoto Tsunetomo, katika mazungumzo yaliyokusanywa kuwa kitabu cha Hagakure, alifundisha kwamba penzi la juu kabisa ni lile ambalo mtu hufa nalo bila kulitamka. Wengi hunukuu fundisho hilo kana kwamba ni moyo wa Japani nzima. Lilikuwa la tabaka moja, na kwa sehemu kubwa lilihusu mapenzi ya mwanamume kwa mwanamume.

Kabla ya Tsunetomo walipita wageni waliolazimika kutafuta neno. Mjesuiti Francis Xavier alitua Kagoshima mwaka 1549, na wenzake waliofuata walipotaka kuhubiri kwamba Mungu anawapenda watu walikwama. Neno "ai", ambalo leo ndilo hutajwa kwanza, katika mafundisho ya Kibudha lilikuwa na harufu mbaya: kung'ang'ania vya dunia, tamaa inayomfunga mtu asiokoke. Wakaliacha. Wakachukua "taisetsu", linalosemwa juu ya kitu cha thamani kinachotunzwa, na katika katekisimu zao Mungu akawa anawaona wanadamu kuwa taisetsu. Ukristo ulipigwa marufuku nchini kote mwaka 1614. Neno lenyewe lilikuwa la wenyeji tangu mwanzo, na hadi leo mzee wa Kijapani anayeona haya kusema mengine humwambia mkewe hilo.

Kwa wafanyabiashara wa Osaka na Edo, yaani Tokyo ya leo, mapenzi yalihamia kwenye mitaa ya starehe iliyozungushiwa ua na kulipiwa kodi, kama Yoshiwara, iliyoruhusiwa na serikali mwaka 1617. Hapo palizuka tatizo jipya. Mwanamke aliyeuzwa na wazazi wake, ambaye kazi yake ni kumwambia kila mteja kwamba anampenda, amwambieje yule mmoja anayempenda kweli? Maneno yalikuwa yamechakaa. Ikabidi athibitishe kwa mwili. Aliandika kiapo kwenye karatasi ya hekalu la Kumano yenye picha za kunguru, na iliaminika kwamba kiapo kikivunjwa kunguru watatu wa Kumano hufa. Alikata nywele. Alijichanja jina la mpenzi mkononi, akaongeza herufi ya uhai. Wachache walikata ncha ya kidole. Kisha biashara ikakimbilia huko pia: vidole vya bandia vikapatikana kwa kununuliwa, na viapo vikaandikwa kwa zaidi ya mtu mmoja kwa mkupuo, kunguru wa Kumano wapende wasipende.

Uthibitisho uliobaki ambao haukuweza kughushiwa ulikuwa kifo. Mwaka 1703 Tokubei, karani wa duka la mchuzi wa soya, na Ohatsu, mwanamke wa danguro la Tenma-ya, walijiua pamoja katika msitu wa Sonezaki, Osaka. Mwezi mmoja baadaye Chikamatsu Monzaemon alikuwa ameshalipeleka tukio hilo jukwaani katika ukumbi wa vikaragosi wa Takemoto. Kilele chake ni tangazo la mapenzi lisilosikika. Tokubei, aliyedhulumiwa fedha na kuchafuliwa jina, amejificha chini ya baraza, ndani ya pindo la kimono la Ohatsu. Adui yake ameketi pale juu akijitapa. Ohatsu anaongea kana kwamba anajisemea: mtu huyu hana njia ila kufa, nami nataka kujua kama yu tayari. Anauliza kwa mguu wake. Tokubei anaushika na kuupitisha shingoni mwake. Vikaragosi vya kike vya jadi havina miguu. Kwa ajili ya tukio hili hutengenezewa mguu.

Watu walilia, wakarudi kutazama tena, na wengine wakaiga. Katika miaka ya 1722 na 1723 serikali ya shogun ilipiga marufuku michezo ya namna hiyo. Waliokufa pamoja walinyimwa maziko, na wawili wakinusurika walianikwa hadharani siku tatu kisha kuteremshwa hadi tabaka la watu wasiohesabiwa. Hata neno "shinjū", linalobeba maana ya yaliyomo moyoni, liliondolewa katika hati za serikali likawekwa jingine kavu. Watawala walifahamu nguvu ya jina zuri.

Milango ilipofunguliwa kwa nchi za Magharibi katika karne ya 19, vijana waliosoma walikutana na kitu katika riwaya za Kiingereza ambacho hawakuwa na pa kukiweka: mapenzi yaliyo safi, yenye heshima, yanayoongoza kwenye ndoa. Iwamoto Yoshiharu, mhariri Mkristo wa gazeti la wanawake Jogaku Zasshi lililoanzishwa mwaka 1885, alilalamika kwamba maneno ya zamani yananuka danguro, akasaidia kuliingiza neno jipya, "ren'ai". Katika gazeti hilo hilo mwaka 1892 Kitamura Tōkoku, mshairi wa miaka 23, alitangaza kwamba mapenzi ndiyo ufunguo wa siri za maisha. Vijana walilikariri tamko lake. Yeye mwenyewe alikuwa ameoa kwa mapenzi, ndoa ikamshinda, na mwaka 1894 akajiua. Hakufika miaka 26.

Mwaka 1901 Yosano Akiko, binti wa mwenye duka la peremende mjini Sakai, alichapisha Midaregami, mkusanyo wa mashairi karibu 400 ya mizani ile ile 31, akaandika ndani yake juu ya matiti, nywele na ngozi yake kwa mwanamume aliyempenda. Wahakiki waheshimiwa walishtuka. Yeye aliolewa na mwanamume huyo na kumzalia watoto zaidi ya kumi, akaendelea kuandika.

Hapa ndipo husimuliwa kisa cha Natsume Sōseki. Husemwa kwamba alipokuwa akifundisha Kiingereza, mwanafunzi alitafsiri "nakupenda" neno kwa neno, naye akamkosoa: Mjapani hasemi hivyo, andika kwamba mwezi umependeza usiku huu. Kisa ni kitamu, na siku hizi kuna vijana wanaotongozana kwa kutaja mwezi. Ila hakimo katika maandishi ya Sōseki wala ya wanafunzi wake. Kilianza kuonekana vitabuni katika miaka ya 1970, yeye akiwa amekufa tangu 1916. Kilichomo katika barua zake ni kinyume chake. Februari 1901, akiwa masomoni London, mpweke na mwenye kukosa fedha, alimwandikia mkewe Kyōko kwamba hata mtu mkavu kama yeye anamtamani mno. Kyōko, ambaye wasifu nyingi humchora kama mke mkorofi, alimjibu kwamba katika kutamaniana huko hakusudii kushindwa. Barua mbili hizo zina thamani kuliko mwezi wa kubuni, lakini mwezi ndio uliopata umaarufu, kwa kuwa unatuambia juu ya Wajapani kile tulichokwisha kuamua kuamini.

Oktoba 1921 neno lilitoka faraghani kabisa. Mshairi Yanagiwara Byakuren, binamu wa Mfalme Taishō, alikuwa ameozwa kwa tajiri wa makaa ya mawe wa Kyushu aliyemzidi miaka 25. Akamtoroka na kumfuata kijana mwanasheria, Miyazaki Ryūsuke, na barua ya kumwacha mumewe ikachapishwa katika gazeti la Asahi la Osaka. Mume akajibu katika gazeti la upinzani. Taifa zima likasoma. Kwa sheria ya wakati ule mke aliyezini aliweza kufungwa jela, mume hakuguswa; kifungu hicho kilifutwa mwaka 1947. Mwaka huo huo ilianza kutumika katiba mpya, ambayo ibara yake ya 24 inasema ndoa hutokana na ridhaa ya wawili wanaooana tu. Rasimu ya awali ya ibara hiyo iliandikwa na mwanamke wa miaka 22, Beate Sirota, aliyekulia Tokyo na kuona kwa macho yake wasichana wakiozwa wasikojua.

Wamarekani walioikalia nchi baada ya vita waliamini pia kwamba demokrasia inahitaji mabusu, na wakaguzi wao wa filamu wakahimiza yaonyeshwe. Mei 1946 busu likatokea katika filamu Hatachi no Seishun, na husimuliwa kwamba kati ya midomo ya waigizaji palitiwa kipande cha shashi kilicholowekwa dawa ya kuua vijidudu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 ndoa za waliopendana wenyewe zilikuwa zimezipita zile za kutafutiwa na washenga.

Mabadiliko hayo yakiwa bado yanaendelea, mwaka 1958, kiwanda kimoja cha chokoleti kiliweka meza katika duka kubwa la Isetan, Shinjuku, kuuza zawadi za Siku ya Valentino. Karibu hazikununuliwa kabisa. Mwaka uliofuata kikaja na wazo lingine: siku hii moja katika mwaka, mwanamke amweleze mwanamume moyo wake. Wauzaji wenyewe walijua kwamba wateja wao ni wanawake, na sababu haikuwa kubwa zaidi ya hiyo. Katika miaka ya 1970 wasichana wa shule waliidaka desturi hiyo kwa nguvu, na lile kosa la Izanami likapata kibali cha siku moja, kwa bei ya chokoleti. Wanaume wakangojea. Mwaka 1980 watengeneza peremende wakawapangia nao tarehe ya kujibu, 14 Machi. Baadaye chokoleti ya kweli ikabidi itenganishwe na ile ya wajibu, anayopewa bosi na kila mwanamume wa ofisini, na wanawake wengi wamechoka nayo hiyo ya pili.

Vijana wa leo wana utaratibu wao unaoitwa kokuhaku. Mmoja anamwita mwenzake pembeni, anainama kidogo, anasema waziwazi kwamba anampenda na anaomba wawe wapenzi. Mpaka hapo hawajawa kitu, hata kama wamekwenda sinema mara kumi. Kwa watu wanaodaiwa kutosema, ni masharti magumu kuliko ya kwetu.

Kimya kinachosimuliwa na wageni kilikuwa cha waume wa miaka ya uchumi kupanda, waliorudi usiku wa manane na, kwa utani wa wake zao, kubaki na maneno matatu: chakula, kuoga, kulala. Waliangukia pabaya walipostaafu. Aprili 2007 ilianza sheria iliyompa mke anayeachika haki ya kudai hadi nusu ya sehemu ya pensheni ya mumewe. Huko Fukuoka kulikuwa tayari na chama cha waume wababe waliotaka kujirekebisha, chenye madaraja kama ya judo. La nane ni la anayeweza kusema asante bila kusitasita, la tisa la anayeomba radhi bila woga, la kumi la anayemwambia mkewe nakupenda bila haya.

Na katika mkoa wa Gunma kiko kijiji cha wakulima wa kabichi kiitwacho Tsumagoi, jina lenye maana ya kumtamani mke. Wenyeji hulitoa katika hadithi ya mwana wa mfalme Yamato Takeru, ambaye mkewe alijitosa baharini ili dhoruba itulie na jeshi livuke. Alipofika kwenye kipito cha milima aligeuka akamlilia mara tatu. Tangu 2006 wanaume kutoka sehemu mbalimbali za nchi hufika hapo, hupanda jukwaani mmoja mmoja na kupiga kelele kwamba wanawapenda wake zao, kuwaomba msamaha, kuahidi kuwahi nyumbani. Wake wengi huwa wamekuja nao na wanasimama hatua chache tu kando. Wanaume huelekeza sauti kwenye kabichi.